Simba Mwenye Sauti ya Chui Milia

Machi 2021 kampuni ya filamu ya Metro-Goldwyn-Mayer, ambayo dunia nzima huiita MGM, ilizindua nembo mpya ya kufungulia filamu zake. Ukiitazama haraka huoni tofauti: kichwa cha simba ndani ya duara la ukanda wa filamu, manyoya ya shingoni yenye rangi ya dhahabu, mdomo unafunguka, mngurumo. Lakini safari hii hakukuwa na mnyama. Kila unywele ulitengenezwa kwa kompyuta.

Mitandaoni maombolezo yakaanza. Watu wa rika langu, wasomi, wapenzi wa filamu, wakaandika kana kwamba wamefiwa. Simba wa kweli ameuawa, walisema, tumeletewa katuni. Sikulia nao, na nadhani aliyelia alipoteza machozi yake bure. Simba wa kweli hakuuawa mwaka 2021 kwa sababu hakuwahi kuwapo. Kwa karibu miaka 40 kabla ya hapo tulikuwa tukionyeshwa mdomo wa simba huku tukisikilizishwa sauti ya mnyama mwingine. Na mchezo huo wa mdomo wa huyu na sauti ya yule haukuishia kwenye nembo. Ulikuwa ndani ya filamu zenyewe tangu zamani, zikiwemo zile zilizopigwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Tuanze na swali jepesi: huyo simba wa kweli ni yupi?

Nembo hii ina umri mkubwa kuliko MGM yenyewe. Mwaka 1916 Howard Dietz, mtu wa matangazo, aliibuni kwa ajili ya kampuni ya Goldwyn Pictures. Wazo hakulitoa mbugani. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, ambako timu za michezo huitwa Simba, basi akaichukua alama ya chuo chake akaipeleka kazini. Juu ya simba akaweka maneno ya Kilatini, Ars Gratia Artis, yaani sanaa kwa ajili ya sanaa. Mwaka 1924 Goldwyn Pictures iliunganishwa na Metro Pictures na Louis B. Mayer Pictures, ikazaliwa MGM, na simba akahamia nyumba mpya kama mtoto wa kambo.

Simba wa kwanza wa MGM alizaliwa mwaka 1919 katika bustani ya wanyama ya Dublin, Ayalandi. Huko walimpa jina la kikwao, Cairbre. Marekani aliitwa Slats, na kwenye matangazo akaitwa Leo. Zilikuwa enzi za filamu bubu, kwa hiyo katika nembo yake hangurumi; anatazama tu huku na huko, kama mtu anayesubiri gari lililochelewa. Alikufa mwaka 1936. Ngozi yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la McPherson, jimbo la Kansas.

Akaja Jackie. Huyu ndiye simba wa kwanza wa MGM kusikika. Mwaka 1928, filamu ya *White Shadows in the South Seas* ilipoonyeshwa, ngurumo yake ilitoka kwenye sahani ya santuri iliyopigwa sambamba na picha. Jackie ndiye unayemwona mwanzoni mwa *The Wizard of Oz* ya 1939. Kwa ajili ya majaribio ya rangi wakatumika Telly na Coffee, kisha Tanner, ambaye watoto wengi walimjua kupitia katuni za Tom na Jerry. Katikati ya miaka ya 1950 akapita George, mwenye manyoya mazito, kwa kipindi kifupi. Na mwaka 1957 akaja simba kijana ambaye manyoya yake yalikuwa bado hayajajaa. Huyo alidumu hadi kompyuta ilipomrithi.

Hesabu hapo: wanyama saba. Mbele ya umma wote walikuwa na jina moja, Leo. Mwaka 1927 kampuni ilimpakia simba mmoja kwenye ndege kutoka San Diego kwenda New York ili magazeti yaandike. Ndege ikaanguka Arizona, simba na rubani Martin Jensen wakapona, na magazeti yakaandika kweli: Leo kapona. Leo hakufa hata mara moja. Waliokufa ni akina Slats na Jackie, ambao hakuna aliyetangaziwa msiba wao.

Babu zetu waliofanya kazi katika nyumba za wakoloni waliujua vizuri utaratibu huu. Mpishi akiondoka analetwa mwingine, huyo akifukuzwa analetwa wa tatu, na wote jina lao ni boi. Jina la namna hiyo ni la nafasi, na nafasi ni mali ya mwajiri. Anayeikalia hubadilishwa kama taa iliyoungua.

Kabla sijaendelea, niondoe takataka moja njiani. Kuna picha inayozunguka WhatsApp ikimwonyesha simba amelazwa na kufungwa kwenye mashine, eti ndivyo MGM walivyopiga nembo yao. Ni uongo. Ni picha ya simba mgonjwa aliyekuwa akipimwa na madaktari wa wanyama, mtu akaiongezea nembo. Kuna pia hadithi kwamba simba wa nembo alimrarua mfunzaji wake mara tu baada ya kurekodiwa. Nayo ni uongo. Volney Phifer, mfunzaji wa Slats, alimzika simba wake. Nayataja haya kwa sababu tunapenda kuwakasirikia MGM kwa mambo ambayo hawakuyafanya, na yale waliyoyafanya mchana kweupe tunayapigia makofi.

Mojawapo ya hayo lilifanyika mwaka 1982. Mark Mangini, fundi wa sauti, alitengeneza ngurumo mpya wakati wa filamu ya *Poltergeist*. Mwenyewe ameeleza mara kadhaa alivyofanya: alitumia sauti za chui milia, kwa sababu simba halisi hatoi ukali wa aina ile, na nembo ilihitaji ukali. Katika miaka ya 1990 akaitengeneza upya. Ngurumo tuliyokua nayo, ile inayokufanya ukae vizuri kitini, ni ya mnyama ambaye Afrika hayupo kabisa isipokuwa ndani ya uzio.

Simlaumu Mangini. Ni bingwa wa kazi yake. Ana tuzo mbili za Oscar, ya *Mad Max: Fury Road* na ya *Dune*. Lakini hebu tuitafakari sababu yake. Simba halisi hakuwa simba vya kutosha. Ngurumo ya simba wa Serengeti ni nzito na ya chini, inajirudiarudia na kufifia, kama mtu anayesukuma kabati zito sakafuni. Inaweza kusikika umbali wa kilomita 8. Anaitoa kuwaambia wenzake yuko wapi na kuwaonya wageni kwamba eneo lina mwenyewe. Ina maana, ina anayeambiwa. Ila haitishi kwa namna ambayo mtu aliyelipa tiketi amezoea kutishwa. Basi mdomo ukabakishwa, sauti ikatolewa, ikawekwa nyingine inayofanana zaidi na simba aliye kichwani mwa mtazamaji.

Sasa ondoa neno simba katika sentensi hiyo, uweke neno Mwafrika, kisha tuzitazame filamu.

Mwaka 1929 MGM walimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke Afrika Mashariki na kikosi kizima kupiga *Trader Horn*, iliyotoka 1931. Walizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, wakapiga hadi maporomoko ya Murchison. Mmoja wa wahusika wakuu, Renchero, mbeba bunduki, aliigizwa na Mwafrika, Mutia Omoolu, ambaye baadaye alichukuliwa hadi Hollywood kukamilisha kazi. Picha zilizobaki hazikutupwa. Ziliingizwa kwenye *Tarzan the Ape Man* ya 1932. Fikiria: mito yetu, wanyama wetu na watu wetu, waliopigwa picha kwa ajili ya hadithi moja, wakageuzwa mandhari ya hadithi nyingine ambayo hawakuambiwa.

Na Tarzan huyo wa MGM ndiye aliyeipa dunia neno "ungawa". Anamwambia tembo ungawa, tembo anakwenda. Anamwambia asimame kwa ungawa ileile, anasimama. Anawaambia watu ungawa, nao wanaelewa. Neno hili halina lugha. Lilitungwa likiwa na harufu ya Kiafrika, likawekwa mdomoni, na vizazi vya watoto wa Marekani na Ulaya wakakua wakijua neno moja la "Kiafrika" ambalo hakuna Mwafrika aliyewahi kulisema kwa mama yake.

Mwaka 1950 ikatoka *King Solomon's Mines*, nayo ya MGM, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha na ya uhariri. Tazama majina. Deborah Kerr, Stewart Granger, Richard Carlson: kila mmoja ana majina mawili. Umbopa, mfalme halali anayerudi kudai kiti chake, aliigizwa na Siriaque. Khiva aliigizwa na Kimursi. Mfalme Twala, na Baziga. Jina moja kila mmoja, na pembeni yake kabila, kama kibandiko cha bustani ya wanyama kinachokuambia mnyama ametoka wapi.

Mwaka 1953 ikatoka *Mogambo* ya John Ford, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Kisa chake, mwanamume mmoja na wanawake wawili, MGM walikuwa wamekwisha kukifanya mwaka 1932 kwa jina la *Red Dust*, na Gable huyohuyo, kwenye shamba la mpira kule Indochina. Iliyobadilika ni mandhari. Walihamia Afrika Mashariki kupiga picha mwishoni mwa 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya. Lakini jina la filamu ndilo linaloniuma. Imeandikwa mara nyingi, na bado inaandikwa, kwamba "mogambo" ni Kiswahili na maana yake ni mahaba makali. Chukua kamusi yoyote ya Kiswahili utakayo, ufungue. Hakuna.

Kilichopo ni mgambo. Na kila aliyekaa darasa la Kiswahili anajua methali yake: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ni pembe inayopigwa ili watu wakusanyike wasikie tangazo. Herufi moja tu ingewatosha kuwa na neno la kweli, tena neno linaloeleza nembo yao kuliko walivyoweza kuieleza wenyewe. Maana ngurumo ile mwanzoni mwa filamu ndiyo mbiu. Inatutangazia kwamba kuanzia sasa anayesema ni mwenye nembo, na sisi kazi yetu ni kukaa na kusikiliza.

Kuna atakayesema nembo ni nembo tu, sekunde chache, mtu anatafuna bisi zake filamu ianze. Ingekuwa tu, wenyewe wasingeihangaikia hivyo. Mwaka 1935, katika tangazo la *A Night at the Opera*, ndugu wa Marx waliingia ndani ya duara badala ya simba wakanguruma wao, na Harpo, bubu wa filamu zao, akapiga honi. Mwaka 1967 Roman Polanski, katika *The Fearless Vampire Killers*, alimgeuza simba kuwa mnyonya damu. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alifungua *2001: A Space Odyssey* kwa mchoro wa simba asiyesogea wala kutoa sauti. Waliojua kazi yao walijua kwamba sekunde zile zina maneno, ndiyo maana walizichezea.

Mfano unaonikera zaidi ni wa *Ben-Hur*, 1959. Filamu inaanza na kuzaliwa kwa Yesu. Mwongozaji William Wyler aliona simba akinguruma mbele ya hori la Bethlehemu ataharibu utulivu, basi simba wa filamu ile ametulia, mdomo umefungwa. Naukubali uamuzi ule, ni adabu. Lakini unathibitisha kwamba adabu iliwezekana. Studio ilijua kujiuliza kama hadithi iliyo mbele yake inastahili kusikika kabla ya kelele zake. Kwa watu wa Bethlehemu ilijiuliza. Kwa watu wa Tanganyika na Kenya hata kamusi haikufunguliwa.

Nasikia pingamizi lingine, na hili ni zito. Sisi je? Tumekulia kwenye mabanda ya video. Tumemsikia DJ Afro kule Kenya na Lufufu hapa Tanzania wakizifunika filamu za Marekani, India na China kwa Kiswahili chao, wakiwapa wahusika utani wa mtaani na maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Hiyo si sauti ya mmoja katika mdomo wa mwingine?

Ndiyo, ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mtafsiri wa bandani hajifichi. Jina lake anakutajia mwenyewe, tena kwa majigambo. Sauti ya asili unaisikia chini ya sauti yake, inaendelea kama mto chini ya daraja. Hakuna mtoto aliyetoka bandani akiamini kwamba Schwarzenegger anajua Kiswahili. Kila mmoja alijua ni nani anayesema, na alilipa hela yake kumsikia huyo. Kumsemea mtu hadharani, kwa jina lako, ni sanaa ya kale na halali. Kosa ni kumsemea kimyakimya, kisha ukaacha dunia iamini kwamba amesema mwenyewe.

Ndiyo maana wale wanaoulilia mwaka 2021 wananishangaza. Simba wa kompyuta ana fadhila moja ambayo wenzake saba hawakuwa nayo: hadai kuwa ni kiumbe. Hakuna aliyemtoa Dublin, hakuna aliyempakia kwenye ndege, hakuna ngozi itakayobaki Kansas. Ni chapa, na anaonekana chapa. Kama uwongo ndio unaokuudhi, ungeanza kuudhika mwaka 1982, au 1932, kwenye ungawa ya kwanza.

Na kwa wale wanaoamini bado katika maneno ya Kilatini juu ya kichwa chake, sanaa kwa ajili ya sanaa, nawakumbusha safari za simba huyu sokoni. Mwaka 1986 Ted Turner aliinunua MGM, akaiuza tena baada ya muda mfupi, lakini akabaki na hazina ya filamu zake za zamani. Baadaye hazina hiyo ikaishia mikononi mwa Warner Bros. Mwaka 2022 Amazon wakakamilisha kuinunua MGM yenyewe kwa dola bilioni 8.45. Kwa hiyo leo simba ananguruma kwa niaba ya duka la mtandaoni, na *Trader Horn*, *King Solomon's Mines* na *Mogambo* ziko kwa jirani. Simba ametenganishwa hata na filamu alizozifungulia mlango. Katika mauzo yote hayo, sura ya Mutia Omoolu, ya Siriaque, ya Kimursi, zilihama na makabati kama vitu vingine vya nyumba.

Siwaambii muache kuzitazama. Zitazameni, hasa ninyi mnaosomea filamu, kwa sababu ndani yake kuna nchi yetu ya miaka ya 1929 na 1950 ikiwa na rangi, vumbi na watu ambao hatuna picha zao kwingine. Ila msiruke mwanzo. Simba akifungua mdomo, ulizeni sauti hii ni ya nani. Kisha liulizeni swali hilo kwa kila anayefungua mdomo hadi mwisho wa filamu, na majina yakianza kupanda someni hadi ya chini kabisa, muone nani ana majina mawili na nani ana moja.

Halafu jiulizeni kuhusu nembo zenu. Nimeona studio changa hapa mjini zikianza filamu zao kwa mbuyu, jua linalozama na simba, na ngurumo iliyopakuliwa bure kutoka intaneti. Niliisikiliza vizuri moja ya hizo. Ilikuwa ya chui milia.